Q bila U: mwongozo kamili wa maneno ya Kiingereza ambayo mtu wa Mombasa ameshayajua nusu

Mwanafunzi wa Kiingereza huambiwa mapema kwamba Q haitembei bila U nyuma yake: queen, quick, question. Kanuni hiyo humfaa miaka mingi, mpaka jioni moja anapokaa mbele ya ubao wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi, anatia mkono mfukoni na kutoka na Q, huku U zote zimeshalala mezani. Hapo wengi hukishika kipande hicho zamu baada ya zamu, na mchezo unaisha Q ikiwa bado mkononi.

Kumbe maneno ya Kiingereza yenye Q isiyofuatwa na U yapo mengi, na sehemu kubwa yake imetoka Kiarabu. Mtu aliyekulia Mji wa Kale, Majengo au Likoni ana mtaji hapa ambao mchezaji wa London hana. Kadhi, wakfu, fikihi, kibla, nikabu, talaka, tarika na kaswida ni maneno ya barazani kwake. Kazi iliyobaki ni tatu tu: kujua Kiingereza kinavyoyaandika, kujua yapi yamo katika orodha ya mchezo na yapi hayamo, na kujua wakati wa kuyateremsha.

Kabla ya yote: orodha ipi?

Katika Scrabble, neno ni halali likiwa kwenye orodha mliyokubaliana. Likiwa nje yake halihesabiwi, hata liwe limeandikwa katika Katiba. Mashindano ya Kenya, kama ya nchi nyingi nje ya Amerika Kaskazini, hufuata orodha ya Collins, yaani orodha ya maneno inayotolewa na wachapishaji wa kamusi ya Collins. Marekani na Kanada wana orodha yao iliyo fupi zaidi. Programu nyingi za simu zimetengenezwa huko, kwa hiyo ukiona simu inakataa neno lililomo humu, fungua mipangilio kwanza uone imewekewa orodha gani. Maneno yote ya mwongozo huu ni ya Collins.

Hesabu ya vipande nayo ni muhimu. Mfuko una vipande 100. Q ni kimoja tu, chenye pointi 10. U ni vinne, na vitupu, ambavyo hugeuka herufi yoyote unayotaka, ni viwili. A ziko 9 na I ziko 9. Ukizitazama namba hizo utaona kwamba mwenye Q anayesubiri U anategemea vipande vinne, tena wachezaji wote mnavigombania. Anayejua kucheza Q kwa A au I ana vipande 18 vya kumsaidia. Mgawanyo huo ni wa Alfred Butts, mbunifu wa mchezo huu, msanifu majengo wa Marekani aliyekosa kazi katika miaka ya 1930. Alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili ajue kila moja hutokea mara ngapi, na Q ikaangukia kwenye kundi la adimu. Jina la Scrabble lilikuja baadaye, mwaka 1948, likiwa la James Brunot, aliyeanza kuutengeneza mchezo huo kwa kuuza.

Hatua ya kwanza: tenga qafu na kafu

Herufi moja ya Kiswahili, K, imebeba herufi mbili za Kiarabu. Ipo kafu ya kitabu na malaika, na ipo qafu, ile yenye nukta mbili juu, ya kibla na kalamu. Kwetu zote zimekuwa K, ndiyo maana macho peke yake hayatoshi kukuonyesha neno lipi linastahili Q kwa Kiingereza.

Aliyepita chuoni ana njia ya haraka. Liandike neno kwa herufi za Kiarabu, au lisikilize anavyolitamka ustadhi. K ikitokea kooni ndani kabisa, hiyo ni qafu, na neno lina nafasi ya kuandikwa kwa Q. Ikitokea mbele kidogo kama K ya kawaida, sahau Q. Kwa mfano zaka ni kafu, na Kiingereza huandika ZAKAT. Ukiandika ZAQAT utarudishiwa vipande vyako. MALIK, mtawala au chifu, ni kafu pia. KOHL, wanja, vilevile.

Lakini kipimo hicho kina upande mmoja tu. Kinakwambia neno gani lisiandikwe kwa Q, wala hakikuhakikishii kwamba kila neno la qafu limo. Maneno yaliyoingia Kiingereza zamani yalipita kwanza kwa Waturuki, Waitaliano na Wafaransa, na huko qafu ikageuzwa C au K. Kahawa ikawa COFFEE, pamba ikawa COTTON kutoka qutn, na kalibu tunayoijua kama kiolezo inasemekana ndiyo mzizi wa CALIBRE. Yaliyoingia baadaye, kupitia vitabu vya dini, sheria na safari, ndiyo yaliyoandikwa herufi kwa herufi, na hayo ndiyo yana Q. Basi usijaribu QABILA, QALAMU wala QANUNI kwa sababu tu unajua asili yake.

Hatua ya pili: ondoa kilichoongezwa na Kiswahili

Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti. Penye konsonanti mwishoni kimeongeza irabu: U baada ya B na F, mara nyingi I kwingineko. Kiingereza hakikuongeza kitu. Kwa hiyo katika maneno mengi kazi yako ni kukata mkia: nikabu inakuwa NIQAB, wakfu inakuwa WAQF, fakiri inakuwa FAQIR. Fikihi inakatwa mara mbili, mwishoni na katikati, na kubaki FIQH.

Penye irabu ya asili, iache. Kibla ni QIBLA, burka ni BURQA, tarika ni TARIQA. Hapa ndipo watu wanapojikwaa zaidi, kwa sababu talaka na tarika zinafanana mwisho kwa masikio yetu ilhali asili zake si moja. Talaka imeongezewa A, nayo Kiingereza ni TALAQ. Tarika ilikuwa na A yake tangu mwanzo. TALAQA haipo, na TARIQ haipo.

Kisha angalia konsonanti nzito. DH ya kadhi inakuwa D: QADI. SW ya kaswida inakuwa S peke yake, na W inatoweka kabisa: QASIDA. Ukiteremsha QADHI umepoteza zamu. Ukiteremsha KADHI umeipoteza vilevile, ingawa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kwa Kiingereza chake inataja mahakama hizo kwa tahajia hiyo hiyo. Kiingereza cha Kenya na orodha ya Collins ni vitu viwili tofauti, na mezani chenye nguvu ni orodha.

Hatua ya tatu: jifunze kwa mafungu

Tuanze na fungu la dini na sheria, kwa kuwa ndilo lenye faida kubwa.

QADI ni kadhi, hakimu wa sheria za Kiislamu. Pointi zake 14. Geuza herufi zake unapata QAID, kiongozi au mkuu wa eneo katika nchi za Kiislamu, hasa Afrika Kaskazini. Asikuchanganye huyu na mkaidi wetu, ni neno jingine kabisa. Kwamba herufi nne zilezile zinatoa maneno mawili ni faida kubwa ubaoni, maana Q inaweza kukaa mwanzoni katika yote mawili huku D ikihama kutoka nafasi ya tatu hadi ya nne, na mara nyingi moja litaingia mahali ambapo jingine limegonga herufi ya jirani. Yote mawili huchukua S.

WAQF ni mali iliyotolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu isiuzwe wala kurithiwa, kama nyumba nyingi za misikiti ya Mji wa Kale zilivyo. Sheria ya zamani ya Kenya iliyosimamia jambo hili iliandika kwa K, wewe jifunze yenye Q. FIQH ni elimu ya sheria za dini. Haya mawili yana herufi nne tu kila moja na pointi 19 kila moja, kwa sababu W, F na H ni 4 kila kimoja. Ukilipata mojawapo kwenye mraba wa neno mara tatu, yaani mraba wenye rangi unaozidisha pointi za neno zima mara tatu, unaandika 57. Yote mawili yanachukua S, kwa hiyo ukiyaweka, funga nafasi ya baada ya neno kama unaweza, la sivyo mpinzani atabandika S na kuokota pointi zako zote pamoja na moja yake.

QIBLA ni upande tunaoelekea tunaposali, pointi 16. Kiingereza kina tahajia nyingine za neno hili, KIBLA na KIBLAH, ambazo zinakufaa siku huna Q ila una K. TALAQ ni talaka ya Kiislamu, pointi 14. FAQIR ni mtu wa dini aliyeacha dunia, aghalabu anayeishi kwa sadaka, pointi 17. Angalia maana: kwetu fakiri ni maskini asiye na kitu, kwa Kiingereza uzito uko kwenye uchaji. TARIQA ni njia ya Kisufi, kama Kadiria au Shadhilia, pointi 15. Ongeza T mwishoni upate TARIQAT, maana ileile, herufi saba. Ukiteremsha vipande vyote saba kwa mkupuo unapewa pointi 50 za ziada, kwa hiyo TARIQAT ni 66 kabla ya kuhesabu miraba yenye rangi.

QASIDA katika Kiingereza ni utenzi wa Kiarabu, wa kusifu aghalabu, pengine wa maombolezo au kejeli. Si lazima uimbwe na madrasa kwenye maulidi kama tulivyozoea. Pointi 16. QAWWALI ni nyimbo za Kisufi za India na Pakistan, na mwimbaji wake ni QAWWAL. QAWWALI inazila W zote mbili za mfuko, basi usiifukuzie kama moja imeshatoka.

Mavazi ni mawili: NIQAB, kitambaa cha kufunika uso kinachoacha macho, na BURQA, vazi linalofunika mwili mzima hadi uso. Pointi 16 kila moja. Buibui halimo humu, tafadhali.

Soko, jikoni na vijiweni: SUQ ni soko la Kiarabu, pointi 12. QAT ni miraa, pointi 12. Neno miraa lenyewe halitakusaidia hapa, ila Waarabu wa Yemen waliojaa Mombasa huita majani hayo kwa jina lililozaa hili la Kiingereza. KAT na KHAT ni tahajia zake nyingine. QORMA ni korma, nyama iliyopikwa kwa mtindi na viungo, pointi 16. BUQSHA ni sarafu ya zamani ya Yemen, 40 zikifanya riali moja, pointi 20.

Sasa zingatia jambo moja ambalo orodha nyingi hazilisemi. SUQ, BURQA na BUQSHA zina U ndani yake, ila haikai baada ya Q. Hazikuokoi siku ambayo huna U kabisa. Faida yake ni pale U unayo, au iko ubaoni, lakini nafasi ya kulia mwa Q imezibwa. Zihifadhi kwenye kichwa katika kona tofauti na zile za dharura.

Yaliyobaki hayana undugu na Kiswahili, na hakuna njia ila kuyakariri. QI ni nguvu ya uhai katika fikra za Kichina na husomwa chi. QOPH ni herufi ya Kiebrania, ndugu wa qafu, pointi 18. CINQ ni tano kwenye kete au karata. QANAT ni mfereji unaopita chini ya ardhi kuleta maji kutoka milimani, ufundi wa Waajemi, pointi 14. TRANQ ni dawa ya kutuliza, ufupisho wa neno refu. UMIAQ ni mashua ya ngozi ya watu wa kaskazini ya mbali penye barafu. SHEQEL ni sarafu ya Israeli. QWERTY ni mpangilio wa kibodi, herufi sita za kwanza za mstari wa juu ukihesabu kutoka kushoto; tazama kibodi ya simu yako utaliona neno zima. Pointi 21, na wengi wanalo mkononi bila kulijua.

Hatua ya nne: kariri kwa herufi zilizopangwa

Kusoma orodha mara kumi hakusaidii sana, kwa sababu ubaoni herufi haziji zimepangika. Zinakuja zimevurugika. Wachezaji wazoefu hukariri kinyume: upande mmoja wa kadi wanaandika herufi za neno kwa mpangilio wa alfabeti, upande wa pili neno na maana yake.

Nunua manila moja, ikate kadi 23 za ukubwa wa karata. Maneno ya Q ya mafungu yote ya juu ni 24 ukiacha TARIQAT, QAWWAL na nyongeza za S. QADI na QAID zinakaa kadi moja kwa kuwa herufi zake ni zilezile. Mbele ya kadi andika ADIQ, nyuma QADI na QAID. AFQW ni WAQF. FHIQ ni FIQH. ABILQ ni QIBLA. ABINQ ni NIQAB. AALQT ni TALAQ, na AANQT ni QANAT. Hizi mbili ziweke mbalimbali, maana ukizisoma pamoja zitagombana kichwani. AFIQR ni FAQIR, AMOQR ni QORMA, AAIQRT ni TARIQA, AADIQS ni QASIDA. CINQ ina raha yake, imeshajipanga yenyewe.

Shika kadi sita kwa siku, ukianza na zile fupi. Siku ya nne utakuwa umezimaliza. Rudia kila fungu kesho yake, kisha siku ya nne, ya saba na ya kumi na nne. Kadi uliyoitazama zaidi ya sekunde tano bila jibu irudishe kwenye fungu la kesho. Kwenye safari ya matatu kutoka Mtwapa hadi mjini, na foleni ya Nyali ilivyo, fungu zima hupita mara mbili.

Kwenye kila kadi andika pia kinachoweza kubandikwa. QI hupokea S na N: QIS ni wingi wake, QIN ni ala ya nyuzi ya Kichina. Karibu majina yote ya juu hupokea S, hata QWERTY: wingi wake ni QWERTYS, si lazima ufikirie IES kwanza. Wasiokariri nyongeza hizi hujifungia mlango, wanaona neno limekwisha kumbe lina nafasi ya kuendelea.

Hatua ya tano: wakati na mahali

Ukianza mchezo wewe, neno lako lazima lipite kwenye nyota ya katikati, na nyota inazidisha neno mara mbili. Katika mstari huo mraba wa herufi mara mbili uko hatua nne kushoto kwa nyota na hatua nne kulia kwake. Neno la herufi tano linafika kutoka huko hadi katikati sawasawa. Basi QIBLA, ukiiweka Q kwenye mraba wa kushoto na A kwenye nyota, inahesabiwa hivi: Q 20, I 1, B 3, L 1, A 1, jumla 26, mara mbili 52. QORMA pia 52. TALAQ inafanya kinyume, T kwenye nyota na Q kwenye mraba wa kulia, 24 mara mbili, 48. NIQAB haikupi hiyo, Q yake iko katikati ya neno. Usiiweke Q nje ya mraba huo kwa uvivu wa kuhesabu. Tofauti ni pointi 20.

Baada ya mchezo kufunguka, jicho lako liwe kwenye I. Neno dogo la QI ndilo lenye malipo makubwa kuliko ukubwa wake, na siri yake ni kulihesabu pande mbili. Tafuta I iliyoko ubaoni ambayo juu yake kuna mraba mtupu wa herufi mara tatu, na kulia mwa mraba huo pia pako wazi. Weka Q kwenye mraba wenye rangi na I yako kuliani kwake. Umeandika QI kwa kulala na QI kwa kushuka: 30 na 1 upande mmoja, 30 na 1 upande wa pili, pointi 62 kwa vipande viwili. Kwenye mraba wa herufi mara mbili unapata 42. Hakikisha tu I yako mpya haigusi chini yake herufi inayounda neno lisilokuwepo, hapo ndipo hesabu nzuri inapoharibika.

Mpinzani naye anaiona I hiyo. Ukiwa huna Q na bado haijatoka, usiache I karibu na mraba wa mara tatu pasipo sababu.

Je, ushike Q mpaka lini? Kushika Q ni sawa na kucheza kwa vipande sita wakati mwenzako ana saba, na nafasi ya kupata zile pointi 50 inakuwa finyu. Ukiwa na Q na I, au Q na A pamoja na T au D, shika zamu moja au mbili ukitafuta mahali pazuri. Huna I, huna A, huna U, na ubao umejibana? Badilisha. Kubadilisha kunakula zamu yako, ndiyo, lakini pointi 22 za QI ya kawaida kwenye neno mara mbili hazifidii zamu tatu za kuteremsha maneno ya pointi 9. Kipande kitupu usikitumie kuwa U kwa ajili ya Q isipokuwa unapata zaidi ya 40 au mchezo unaisha. Kitupu ni mali ya neno la herufi saba.

Mkipingana

Mara ya kwanza utakapoteremsha WAQF, mwenzako atasema hilo ni Kiarabu. Usibishane kwa asili ya neno, maana kwa hoja hiyo COFFEE nalo lingetoka. Mwambie alipinge rasmi, mfungue orodha. Lisipokuwepo, unachukua vipande vyako na zamu hiyo ni sifuri. Likiwepo, linabaki, na aliyepinga anatozwa kulingana na mlivyokubaliana: mashindano mengine hukata pointi 5, mengine 10, na nyumbani wengi hawakati kitu. Hilo mlimalize kabla ya kuchota kipande cha kwanza, pamoja na orodha mnayotumia, kwa sababu likianza kujadiliwa katikati ya mchezo kila mtu atakumbuka sheria inayomfaa.

Maana ya neno haikubaliki wala kukataliwa kwenye mchezo, mtu hawezi kukutaka uieleze. Lakini ijue. Neno lenye maana kichwani linakaa, lisilo na maana linapotea baada ya mwezi, hasa haya ya QOPH na UMIAQ.

Q ikibaki mwishoni

Sheria ya kawaida hairuhusu kubadilisha vipande mfuko ukiwa na chini ya saba. Kwa hiyo anza kuhesabu mfuko unapokaribia 15. Kama Q haijaonekana, wala hunayo wewe, iko mfukoni au kwa mwenzako. Acha nafasi ya QI wazi kwa ajili yako ikiwa una I, au izibe kabisa kama huna. Kama unayo wewe na ubao umefungwa, zamu ambayo mfuko una saba au nane ndiyo zamu ya mwisho ya kuibadilisha, na usiipite kwa tamaa ya pointi kumi na mbili.

Mwenzako akimaliza vipande Q ikiwa kwako, unakatwa 10 na yeye anaongezwa 10. Kwenye mashindano ya watu wawili hukatwi wewe, bali yeye anapewa mara mbili ya ulichobaki nacho. Njia zote mbili tofauti ni 20. Ukiona anakaribia kumaliza, teremsha Q hata kwa QAT ya pointi 12 pembeni pasipo rangi, kabla ya kutafuta neno zuri la vipande vingine.